Kikombe cha Kabla ya Chai

Sokoni wananiita Daktari. Shule niliishia darasa la nne, lakini hakuna anayenunua tangawizi kwangu akaondoka bila kuambiwa aichemshe na nini. Kifua kikibana, kitunguu maji na asali. Gesi tumboni, karafuu mbili na mchaichai. Shoga yangu muuza nyanya, ambaye meza yake imegusana na yangu, husema hata kaburini nitafuatwa na foleni ya wagonjwa. Nacheka naye. Mdomo ninao, na sikuwahi kuuonea aibu mpaka mwaka huu.

Mtoto wangu ni mmoja tu, fundi friji, mpole utadhani si mimi niliyemzaa. Alipooa alituletea fundi cherehani, binti mwembamba aliyeshinda na utepe wa kupimia shingoni, hata akiwa anapika. Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Nalisema hilo mapema kwa sababu yatakayofuata hayafanani na mapenzi.

Mwaka ukapita, tumbo lake likabaki vilevile. Mimi nikaingia jikoni. Punje nne za kitunguu saumu, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, manjano mabichi, ndimu nzima. Vinapondwa, vinamiminiwa maji ya moto, vinanywewa asubuhi kabla hujatia kitu mdomoni. Kabla ya chai, nilimkazia, maana dawa haitaki mwenzake tumboni. Kikombe nilimpelekea mwenyewe, nikasimama mpaka kiishe. Alikipokea kwa mikono miwili, akakunja uso, akameza, akasema, "Asante, mama." Mwanangu alikuwa ameinamia chai yake, hatazami mtu. Nikadhani ni haya za kiume.

Miaka mitatu, kila asubuhi. Sikumkosesha hata siku moja.

Halafu asubuhi moja akakimbilia nje akatapika. Sikumuuliza kitu, wala sikusubiri. Kabla sijamaliza kupanga meza yangu, nusu ya soko ilishajua kwamba dawa ya Daktari imejibu. Siku ile manjano yaliisha saa nne asubuhi, na muuza nyanya alikuwa ameshaanza kutafuta jina la mtoto.

Vilikuwa vidonda vya tumbo. Siku ya tatu alitapika tena, safari hii na damu, akalazwa wiki nzima. Daktari wa kweli alimuuliza huwa anakunywa nini asubuhi, naye akajibu, "Chai." Nililisikia jibu hilo kwa masikio yangu, nimekaa pembeni ya kitanda, na sikumsahihisha.

Niliporudi sokoni walikuwa wananisubiri. "Vipi Daktari, mimba imegeuka vidonda?" Watu wakaangua kicheko. Hapo ndipo mdomo uliponiponza.

"Sasa nifanyeje?" nikasema. "Tumbo la vidonda analo, la kuzaa hana. Tasa ni tasa, hata umnyweshe shamba zima."

Wakacheka zaidi, lakini sasa hawakunicheka mimi. Nikashusha pumzi.

Neno lenyewe lilimfikia mkwe wangu kupitia mteja aliyekwenda kuchukua gauni. Hakugombana na mtu. Alimalizia nguo za watu, akapakia cherehani yake kwenye mkokoteni, akaniaga kwa adabu kwamba anakwenda kupumzika kwa dada yake. Hakurudi, na ndoa ikaishia hapo. Nami, kwa kiburi changu, nikasema aende tu, wanawake wamejaa tele.

Mwanangu alikaa mwaka mzima kama mtu aliyefiwa. Kisha akaoa tena, mwalimu wa chekechea. Wiki ya pili tu nikaketi jikoni na kinu changu, nikaanza kumenya vitunguu saumu. Mwanangu akaingia, akanitoa mchi mkononi.

"Huyu usimpondee, mama."

"Kwa nini? Au yule wa kwanza ndiye peke yake aliyestahili dawa?"

"Haitasaidia. Tatizo ni langu."

Alinieleza yote akiwa amesimama, mchi bado ameushika. Walipimwa wote wawili mwaka ule wa kwanza, kabla hata sijaanza kuponda. Mke wake hakuwa na kasoro yoyote. Huyu wa sasa, mwanangu alimwambia kabla ya ndoa, kwa sababu kosa lilikuwa limeshamfundisha. Yule wa kwanza, mwanangu ndiye aliyemwomba amfichie siri, mimi nisijue.

"Akasema sawa," mwanangu alisema. "Akasema ni vitunguu tu, atakunywa."

Nililia mpaka kichwa kikaniuma. Kila asubuhi ya miaka ile mitatu ilinirudia, yule binti na mikono yake miwili, na mimi nimemsimamia kama askari.

Jumamosi nikamfuata. Anashonea chumba cha mbele nyumbani kwa dada yake, sare za shule zimerundikwa mpaka usawa wa dirisha, na pembeni ya cherehani kuna chupa ya uji, kwa kuwa chakula kingine kinamuunguza. Amekonda. Aliponiona alisimama, akaniamkia, akaondoa vitambaa kwenye kiti ili nikae, akarudi kwenye cherehani. Nilikuwa nimembebea kabichi mbili. Nikaanza kumweleza namna ya kuzikamua juisi, kwamba kwa vidonda hakuna kama kabichi, kisha nikajisikia ninavyoongea, nikanyamaza.

"Asante, mama. Nina vidonge vya hospitali."

"Mwanangu ameniambia," nikasema.

Aliacha kushona. "Yote?"

"Yote. Nisamehe, mwanangu. Nimekuunguza tumbo kwa mikono yangu mwenyewe."

"Hilo nilishakusamehe zamani. Hukujua. Na kikombe ningeweza kukikataa, sikukikataa."

Nikamshika mkono. Nikamwambia aseme lolote, nitamfanyia, hata kama ni kupiga magoti. Aliviringisha uzi kidoleni.

"Kuna mtu anataka kunioa," alisema. "Alifiwa na mkewe, ana duka la vitambaa. Dada zake wale mapacha wananunua mboga kwako. Wamemwambia asijisumbue, mimi sizai. Neno hilo wamelitoa sokoni. Mama, ulilisema pale mezani kwako, kalifute palepale. Sema tu kwamba mimi si tasa. Wewe ukisema, wataamini."

Nikafungua mdomo nimjibu ndiyo. Halafu nikafikiria swali ambalo soko zima lingeuliza: kama si yeye, basi ni nani? Nikamwona mwanangu akipita kati ya meza na mkoba wake wa vifaa, akienda kutengeneza friji la muuza nyama, na vicheko nyuma yake. Nikamfikiria na mke wake mpya. Mtoto ninaye huyo mmoja tu. Neno halikutoka.

Alinisubiri. Alinisubiri kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili, kisha akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo inayoniumiza mpaka sasa.

"Basi, mama, usijali," alisema. "Mzazi ni mzazi."

Akanisindikiza mpaka barabarani, amenibebea mkoba.

Jumatatu wale mapacha walikuja mezani kwangu. Walikuwa wanachagua bamia, moja moja, wakati muuza nyanya alipogeuka.

"Shoga, nasikia ulikwenda kumwona yule tasa wenu. Hali yake?"

Mikono ya wale dada ikatulia juu ya bamia. Wote wawili wakaniangalia, na mmoja, nadhani yule mkubwa, alikuwa na uso wa mtu anayetaka kusikia jambo jema. Ilikuwa sentensi moja tu, na nilikuwa nayo tayari mdomoni.

"Hajambo," nikasema. "Ila tumbo bado linamsumbua."

Wakatazamana. Nikawafungia bamia zao.