Siti Iliyopakwa Mafuta

Mama mkwe wangu alikuwa ameipakata ile siti ya baiskeli kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, na mikono yake iling'aa mafuta mpaka kwenye viwiko. Kando yake palikuwa na kibuyu cha mafuta ya mkia wa kondoo, kile alichokuja nacho jana yake kutoka Kataboi. Kilikuwa kimebaki nusu.

"Ejok," alinisalimu kwa lugha yetu, yaani ni vyema, bila kuinua macho. "Njoo uone kitu cha mume wako. Nimekikuta kigumu kama ubao, kimefunikwa kitambaa kama maiti. Sasa kiguse. Kiguse, usiogope."

Nilikigusa, na kidole changu kikabonyea ndani. Mtungi wa maji ulikuwa bado kichwani. Haukuwa ukianguka, lakini niliushika kwa mikono yote miwili kwa sababu nilihitaji kushika kitu. Ejore, mume wangu, alikuwa anasafiri kesho yake alfajiri.

"Asante, mama," nilisema. Ndiyo, nilimshukuru! Ningesema nini?

Mtu asiye wa kwetu ataniuliza mafuta kwenye ngozi yana ubaya gani. Kwetu hayana ubaya wowote. Ngozi isiyopakwa mafuta ni ngozi ya mwanamke mvivu. Unaikwangua, unaipaka, unaisugua kwa mikono mpaka mabega yaume, na ikilainika ndipo inaitwa vazi. Na huyu mama, ambaye jina lake silitamki mpaka leo kwa adabu niliyolelewa nayo, alikuwa fundi wa ngozi anayejulikana kule ziwani kote. Alikuwa amemkuta mwanawe anakalia kitu kigumu, akakilainisha. Alifanya kwa mapenzi, na hapo ndipo penye uchungu wa jambo lenyewe.

Mwaka huo ulianza na jipu. Ejore ni mtu wa chanjo za mifugo. Anafunga kisanduku cha barafu kwenye keria na kuwafuata wachungaji Lorugum na milima ya Loima huko nyuma. Pikipiki ya ofisi ilikuwepo, moja tu, nayo ilikuwa na wenyewe. Kwa hiyo yeye na baiskeli, baiskeli na yeye, juu ya siti ya plastiki iliyopasuka katikati, katika jua hili letu. Jipu likamwotea pale pale, mahali ambapo mtu hapataji mbele ya wakwe. Akalificha. Alinificha hata mimi, mkewe, akawa analala kifudifudi na kusema ni uchovu, mpaka homa ikamwangusha mlangoni.

Hospitalini walimpasua. Muuguzi alinivuta pembeni, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, na kila neno lake lilinikaa kifuani kama mwiba wa mgunga.

"Kidonda kinafunga vizuri," aliniambia. "Lakini kikifunguka tena tutalazimika kukata ndani zaidi, na huko ndani ndiko kuna misuli ya kuzuia choo. Tukifika hapo, mama, siwezi kukuahidi kitu."

Ejore alikuwa na ombi moja tu. "Mama asijue," alisema huku ameugeukia ukuta. "Mwambie ni malaria." Nikamwambia ni malaria. Mama akatuma samaki wakavu na maombi, na swali: malaria gani hii isiyoisha?

Siti niliipata Kakuma, nilikokwenda kuuza wale samaki. Santino, fundi baiskeli kutoka Rumbek, alikuwa na kibanda karibu na lango la soko. Ejore aliwahi kumtibia mbuzi wake wa maziwa, naye hakuacha kuulizia hali yake. Nilimweleza yote, na mahali penyewe nikapataja. Ajabu ya dunia! Niliweza kumwambia mwanamume wa kutoka Sudani Kusini jambo ambalo sikuweza kumwambia mama wa mume wangu.

Santino aliingia ndani, akatoka na siti ya ngozi, nyekundu ya kahawia, na kikopo cha nta. Mfanyakazi mmoja wa shirika la misaada aliagiza siti ile kwa mbwembwe, akaikalia siku chache, ikamtia adabu, akarudi kwenye siti yake ya sponji.

"Mama Akiru, sikia vizuri," Santino alisema, akiniita kwa jina la mtoto wetu. "Baba yangu alikuwa na moja kama hii, miaka mingi. Mara ya kwanza atalia. Mwambie akalie kidogo kidogo, leo hapa, kesho pale. Hii ngozi inajifunza mifupa ya mtu. Ikishajua yeye, inashika yeye kwa mifupa, pale katikati hapaguswi. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Nta kidogo tu. Maji hapana. Jua, funika. Mtu mwingine asikalie. Na mafuta, malesh, unisamehe, hata siku moja! Mafuta inalegeza yeye, inakuwa kama kitanda ya kamba. Mtu anazama katikati. Na katikati ndiyo kidonda iko."

Nilirudi Lodwar nimeikumbatia siti ile nyuma ya pikapu kana kwamba ni yai.

Ejore aliichukia. Alipanda baiskeli ikiwa imeegemezwa ukutani, hapa hapa uani kwetu Nawoitorong, akakaa akiwa amekunja uso, akashuka. Kesho yake akakaa tena. Nilikuwa nikijifanya napepeta mchele, kumbe macho yote kwake. Akiinua bega la kushoto, nilijua panauma. Akishusha pumzi, na mimi nashusha. Wiki zikapita akawa anazunguka mpaka barabara ya lami na kurudi, kisha mpaka daraja la mto Turkwel, na jioni anaifuta jasho siti yake, anaipaka nta kwa ncha ya kidole, anaifunika kitambaa. Nilimkuta siku moja akipapasa juu ya ngozi. Vilikuwa vimeanza kuonekana, vishimo viwili, mahali mifupa yake inapokaa.

"Imeanza kunijua," aliniambia, na akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu jipu.

Kisha mbuzi wakaanza kufa Loima. Makamasi, kuhara, kufa. Wachungaji walikuwa wanapiga simu kutoka juu ya vilima wanakoshika mtandao, wakimtaja Ejore kwa jina. Hakungoja kuulizwa. Akatangaza atakwenda. Na mama yake, aliyechoshwa na malaria isiyoonekana, akapanda pikapu ya samaki na kuja kumwona kwa macho yake kabla hajaondoka.

Haya. Sasa niko uani na mtungi kichwani.

Niliutua. Nikaenda nyuma ya nyumba nikampigia Santino, na kwa haraka nikabonyeza jina la mtu mwingine kwanza.

"Mafuta?" alipiga kelele. "Kiasi gani?"

"Nusu kibuyu."

Nikamsikia akisema kitu cha kwao, kwa sauti ya chini. "Usiweke juani, itapasuka. Paka unga, inyonye. Lakini Mama Akiru, ile imelegea imelegea. Mwambie bwana asiende."

Kumwambia Ejore asiende! Ni kama kumwambia Turkwel usijae. Nilikaa juu ya jiwe. Niliogopa, na sioni aibu kusema. Nilimwona akiwa huko Loima peke yake, kidonda kimefunguka, amelala kifudifudi chini ya mti akingoja mtu apite. Niliona pia vile atakavyonitazama nikimsaliti kwa mama yake. Hofu mbili, na zote zina meno. Nikachagua ile ambayo mtu anaweza kupona baada yake.

Mama alikuwa bado anasugua. Nilipiga magoti mbele yake.

"Mama, mwanao hakuwa na malaria."

Mikono yake ikasimama.

"Alipasuliwa."

"Wapi?"

Neno halikutoka. Nilijaribu, Mungu ni shahidi, nikashindwa. Basi nikanyoosha kidole, nikaigusa siti katikati, pale pembamba, na nikakiacha kidole hapo. Yeye alikitazama kidole. Alinitazama mimi. Nikamweleza yaliyobaki, ya muuguzi, ya misuli, ya Santino na ngozi inayojifunza mifupa, na jinsi mtu anavyozama siti ikilegea. Sikuinua macho mpaka nimemaliza.

Nilitegemea kilio. Nilitegemea hata kofi. Alitazama mikono yake mwenyewe, akaifuta kwenye vazi lake la ngozi la kiunoni, taratibu, kidole kwa kidole, kama aliyeshika kitu kichafu.

"Mficha uchi hazai," alisema mwishowe kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuipenda. Kisha kwa lugha yetu: "Leta majivu. Ya moto kidogo, yasiunguze."

"Santino anasema unga."

"Santino ametengeneza ngozi ngapi maishani mwake? Leta majivu."

Nikaleta majivu. Aliyamimina juu ya siti, akayapapasa, akayakung'uta, akamimina mengine, na kila mara yalitoka yakiwa meusi na mazito zaidi. Jasho lilimtiririka. Ngozi ilikauka juu, lakini ukiibonyeza bado ilishuka, na pembe zake mbili zimetanuka kwa nje kama masikio ya mbuzi. Aliigeuza akaichungulia kwa chini kwa muda mrefu.

Halafu akatoa kwenye mkoba kichuma chake cha kutobolea ngozi. Alitoboa matundu kwenye pembe ile, matundu kwenye pembe hii, akapitisha ukanda wa ngozi ya mbuzi kwa chini, kutoka upande huu kwenda ule, na kuuvuta kwa meno. Kila alipovuta, pembe zilikaribiana na mgongo wa siti ukapanda. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akafunga fundo.

"Bonyeza."

Nikabonyeza kwa kidole. Nikabonyeza kwa kiganja. Nikabonyeza kwa goti. Ilishuka kidogo, ikarudi. Vile vishimo viwili vilikuwa bado vipo. Lakini fundo la ukanda litashika njia yote ya kwenda Loima na kurudi? Hilo sikulijua mimi, wala yeye.

Ejore alirudi alasiri kutoka ofisini na kisanduku chake cha barafu. Aliiona siti kabla ya kutuona sisi. Akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye ukanda.

"Nani amefunga hivi?"

"Mimi," mama alisema.

Akabaki amechuchumaa. Nilimwona akipiga hesabu yake kichwani: kwa nini mama afunge siti, nani kamwambia aikaze, amejua nini. Masikio yake yalibadilika rangi.

"Umemwambia," alisema. Hakunitazama.

"Nimemwambia."

Hakugombana. Ningependa angegombana. Aliifunga siti mahali pake, akatandika mkeka akalala nje, na alfajiri alipoondoka hakuaga mtu. Nilisimama mlangoni nikimtazama akipanda. Mama alikuwa nyuma yangu. Baiskeli ikapotea kwenye vumbi la njia ya Lorugum.

Siku zilizofuata sitaki kuzirudia. Kupita Lorugum hakuna mtandao. Santino alipiga simu asubuhi na jioni: "Siti iko aje?" Nami namjibu sijui, naye anasema malesh, malesh, kama mtu aliyefiwa. Pikapu ya Kataboi ilipiga honi nje, mama akaiambia iende. Nilipika, hatukula. Nikisikia kengele ya baiskeli natoka mbio. Ni muuza mkate. Mama alikaa kwenye kivuli cha ukuta, uso kwenye njia, na mikono yake, ambayo sikuwahi kuiona bila kazi, ilikuwa imelala mapajani. Sijui alimlaumu nani. Mimi nilijilaumu, nikamlaumu yeye, nikamlaumu Ejore, kisha nikaanza tena mwanzo.

Alirudi wakati mbuzi wanaingia zizini. Alikuja anaendesha, hakuja anasukuma. Hilo nililiona kwanza. Alifika, akashuka polepole, akasimama na baiskeli mkononi, mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi mpaka ndala.

Mama aliinuka. Alimkaribia mpaka mbele ya kifua chake, maana ni mfupi, hamfiki begani.

"Geuka," alimwambia.

Mtu mzima, baba wa mtoto, mtu wa ofisi ambaye wachungaji wanamwita daktari! Nilidhani atakataa. Midomo ilimcheza. Kisha Ejore akageuka.

Mama aliinama, mikono magotini, akatazama makalio ya suruali ya mwanawe kwa makini, kama anayechagua ngozi sokoni. Akakung'uta vumbi kwa kiganja, akatazama tena. Palikuwa na chumvi ya jasho lililokauka. Damu haikuwepo. Usaha haukuwepo. Mimi nilikuwa nalia bila sauti na sikujali nani ananiona.

"Ejok," mama alisema, akaingia ndani kuwasha moto wa chai.

Ejore hakugeuka kututazama. Aliendelea kusimama vile vile, ametupa mgongo, ameshika usukani kwa mikono miwili, ingawa hakuna aliyekuwa anamkagua tena.