Deni Mvushaji

Siku waliyomzika Mwalimu Wiltruda Komba, Osmunda Ndunguru alirudi nyumbani jua likiwa bado juu ya mashamba ya kahawa, akafungua kitenge cha msiba, akajitupa kitandani na viatu miguuni. Hakulia. Alikuwa amelia vya kutosha makaburini, na kilichomlemea sasa hakikuwa kilio. Lilikuwa neno la Matroni Kalista, mkuu wa wauguzi hospitalini kwao, aliyemvuta kando wakati vijana wakiwa bado wanashindilia udongo. "Osmunda, mwanangu, msiba hauna adabu, na mimi leo sina adabu pia. Chuo chetu cha uuguzi kimebaki bila mwalimu wa wodini. Serikali inatoa mkopo kwa muuguzi atakayekwenda kusomea ualimu. Ukirudi ukafundisha, kila mwaka deni linapunguzwa mpaka linafutika. Ukiacha kufundisha, unalilipa lote. Majina yanaondoka kesho asubuhi. Tusipopeleka mtu, watoto wa mwaka wa kwanza watarudishwa makwao. Nimekutaja wewe moyoni, bado mdomoni."

Mumewe, Ditram, alikuwa amesimama mlangoni akisugua kisigino kwa kisigino. "Mama Egno, hata viatu hukuvua?"

"Matroni anataka nikope."

"Nimesikia. Alidhani ananong'ona, yule mama. Sauti yake ingefukuza nyani shambani." Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Kukopa harusi, kulipa matanga. Na sisi matangani ndiko tunakotoka."

Alichokisema, Osmunda alikijua kuliko yeye. Alipokuwa msichana wa shule ya msingi aliwaona madalali wakipanda juu ya nyumba ya baba yake na kushusha bati moja moja, kwa sababu ya mbolea iliyokopwa mwaka ambao mvua iligoma. Usiku ule walilala wakitazama nyota. Baba yake alitania kwamba wamepata dari ya Mungu, kisha akageukia ukutani, na tangu hapo hakutania tena. Sasa Osmunda naye akageukia ukuta wake mwenyewe, na akiwa anawaza hivyo, usingizi ukamchukua kama mtu anavyochukuliwa na tope: kwanza miguu, kisha yote.

Akajiona yuko katika nchi ambayo barabara zake zote ziliteremka kuelekea mto mmoja, na watu wake wote walizipanda kinyumenyume, macho yao yakiwa mtoni na visigino vikipapasa njia ya kurudi. Hakuna aliyeona aendako. Kila mmoja aliona tu anachokikimbia. Osmunda naye akajikuta anatembea hivyohivyo, mgongo mbele, hata akagonga nguzo ya nyumba yenye baraza pana. Mwenye nyumba, mwanamke mnene mwenye sauti tamu, alikuwa akigawa uji wa moto. "Keti mwanangu, keti," alisema. "Mimi ni Hofu. Watu wananisema vibaya, lakini uliwahi kusikia nimemuua mtu? Mimi kazi yangu ni kuketisha tu." Baraza lilijaa wageni wake. Walikuwa wamekaa kwa muda mrefu kiasi kwamba nyayo zao zilitoa mizizi myembamba, nyeupe, iliyokwisha kupenya nyufa za sakafu, nao waliitazama bila mshangao wakipuliza uji wao.

Nyuma ya Hofu, ameegemea mlango, alisimama kaka yake Dharau, amevaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likakauka kama gome. "Eti huyu ndiye wa kukaa pale alipokaa Wiltruda!" alisema, akimpima Osmunda kutoka utosini hadi viatuni. "Huyu si yule aliyeulizwa na wakaguzi jina lake akataja la mgonjwa?"

"Mwache, kaka. Amechoka."

"Amechoka na nini? Mtu wa kutumwa hachoki. Mwalimu ndiye huchoka." Wageni barazani wakacheka kwa adabu, bila kuondoa vikombe mdomoni.

Osmunda akapokea kikombe, kwa kuwa alihisi mizizi imeanza kumtekenya nyayo na haikuuma. Kabla hajanywa, mkono mkavu ukakifunika. Ulikuwa wa mwanamke mrefu, mwembamba, aliyebeba mtoto mgongoni, na mtoto huyo hakuwa wake, kwa maana yule mwanamke aliitwa Amana, na Amana habebi kilicho chake. "Inuka, binti," alisema polepole. "Uji wa nyumba hii haushibishi. Unaongeza hamu ya kukaa. Geuka, utembee uso mbele."

"Mbele kuna nini?"

"Mto. Na kivukoni yuko Deni."

Osmunda alitamani kubaki, lakini Amana alikwisha kuondoka, na kubaki na Dharau kulikuwa kubaya zaidi. Njiani wakapishana na mwanamume aliyebeba jitu shingoni, mapaja ya jitu yamembana mashavu, visigino vyake vikimpiga kifuani kila hatua. "Huyo alivushwa," alisema Amana, "akapata alichokitaka ng'ambo, kisha akapita njia ya vichakani asikutane na waliokuwa wakimngoja. Sikufichi. Atakayekuficha hilo hakutakii mema." Osmunda alitaka kumwuliza yule mtu kama kuna kupumzika, lakini mtu hakuweza kugeuza shingo.

Deni alikuwa amelala kivukoni, amejinyoosha kuziba njia yote, mkubwa kama lori lililopinduka, na kifua chake kilipanda na kushuka. "Mshike mkono umpime," Amana akasema.

"Ataamka."

"Kwani wewe si muuguzi?"

Osmunda akapiga magoti kwenye matope, akakamata kile kifundo cha mkono kinene kama gogo, akafumba macho. Mapigo yalikuwa yanakimbia, yanarukiana, yanagonga kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba inayoungua. "Ana wazimu huyu!" akapiga kelele. "Akiamka atatumeza sote!"

Amana hakukimbia. Aliuangalia mkono wa Osmunda. "Umempima kwa kidole kipi?"

Osmunda akatazama, na aibu ikampanda hadi masikioni. Alikuwa amekandamiza kidole gumba, kosa la mwanafunzi ambaye bado hajajua hata choo cha wodi kilipo. Gumba lina mapigo yake lenyewe, yenye nguvu. Anayepima kwalo hujihesabu yeye, kisha humwandikia mgonjwa. Mwalimu Wiltruda aliwaponya ugonjwa huo kwa kuwagonga gumba kwa kalamu, taratibu, na kuwaambia, "Huyo uliyemhesabu ni wewe, mama. Mgonjwa bado anasubiri." Osmunda akaondoa gumba, akalaza vidole vitatu, akangoja. Mapigo ya Deni yalikuwa ya polepole, sawasawa, ya mtu aliyefanya kazi na kulala.

Deni akafungua jicho moja. "Mmechelewa, tena mnanikanyaga."

"Utanifanya nini?" Osmunda aliuliza, bado amemshika.

"Nitakubeba mpaka ng'ambo ukajifunze. Ukirudi, utawabeba wengine, nami nitatembea kando yako. Kila utakayemvusha nitapungua. Nitakufika begani, nitakufika kiunoni, nitakuwa mtoto wa kushikwa mkono, na siku moja utageuka usinione. Ukitoroka nitakufuata nikiwa hivi nilivyo, na siku hiyo nitataka kubebwa mimi."

"Baba yangu ulimwezulia bati."

"Yule alikuwa ndugu yangu, anayengoja mvua. Mimi nangoja mtu."

"Na nikiugua? Nikifa, kama Mwalimu Wiltruda?"

Deni akalifumba tena lile jicho. "Hilo sijui," akasema. "Mimi ni mbebaji."

Jibu hilo halikumtuliza, na mto nao ulikuwa unapanda. Ndipo aliposikia vilio upande wa chini wa kivuko. Wasichana na wavulana waliovaa sare mpya za uuguzi walikuwa wamepiga magoti katikati ya wagonjwa waliolazwa juu ya mikeka, na kila mmoja alikuwa amekandamiza gumba. "Huyu anakufa!" mmoja alilia, na mgonjwa wake akamtazama kwa mshangao. "Na wangu pia!" Lakini kwenye mkeka wa mwisho msichana mwenye uso wa duara alikuwa akitabasamu. "Wangu mzima kabisa, mapigo safi," alisema, akimfunika mzee ambaye midomo yake ilikwisha kugeuka rangi. Osmunda akaruka mikeka, akamnyang'anya ule mkono, akavipanga vidole vya yule binti mahali pake. Binti akasikiliza, na tabasamu likamtoka. "Karibu hakuna kitu, Mwalimu. Tufanyeje?"

"Mimi si mwalimu." Mikono yake mwenyewe ilikwisha kuanza kazi, ikimgeuza mzee, ikimfungua njia ya hewa, mpaka akakohoa na kifua kikapanda.

"Umefanyaje? Kwa nini umeanza na kichwa? Tuambie!"

Osmunda akafungua mdomo, ukabaki wazi. Alijua la kutenda, kulisema hakujua. Mikono ilikuwa na elimu ambayo ulimi haukuwahi kupewa. Wote wakawa wamegeuka kumtazama, maji yakilamba mikeka, naye akatafuta kwa macho, juu na chini ya ukingo, mtu mmoja tu aliyejua kueleza.

"Unayemtafuta amemaliza zamu yake," Amana akasema, na akafungua mbeleko, akamkabidhi mtoto. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Osmunda akamfunga mgongoni, akarudi kwa Deni akilia kwa sauti, akaweka mkono juu ya lile bega. Lilikuwa na joto, kama bega la mtu yeyote. Maji yakamfika magotini.

Akaamka. Mto wa kitandani ulikuwa umelowa, na jua lilikuwa limeshuka nyuma ya kilima. Alikaa kitako kitandani, akijaribu kuzishika zile sura kabla hazijayeyuka, na alipozipanga moja baada ya nyingine akaona kwamba tangu makaburini hakuwahi kuulizia mkopo ule wala kuupima. Alikuwa amejisikiliza mwenyewe akiogopa, akauita woga huo hesabu. Woga ulikuwa bado upo. Haukuwa umepungua hata kidogo. Ila sasa alijua ni wa nani.

Akatoka nje. Ditram alikuwa akiegemeza majembe ukutani.

"Nakwenda kwa Matroni kabla hajalala."

"Kukataa?"

"Kukubali."

Ditram akamtazama. "Unaogopa, Mama Egno. Naona mpaka kidevuni."

"Naogopa sana. Ukitaka kunikataza, nikataze sasa, maana nikifika kwenye mgomba ule nitakuwa nimekwisha kwenda."

Mumewe akatazama mgomba, akatazama njia inayopanda kwa Matroni, akalaza jembe la mwisho chini.

"Basi ningoje nivae viatu," alisema. "Kwa yule mama kuna mbwa."