Njia Tatu za Kwenda kwenye Kamati

Mgeni alitukuta mtoni. Yaani, tulikuwa barazani kwa Mama Vénérande, Nsemulwa, tumekaa kwenye mkeka. Lakini kwenye mchezo tulikuwa mtoni, na mamba alikuwa ameshamkamata Mzee Masalu mguu.

"Hodi. Ndiyo nyie mnaocheza ule mchezo wa kusimulia?" aliuliza mgeni. Alivaa kizibao chenye mifuko mingi, yote mitupu.

"Subiri kidogo, baba," Mama Vénérande alimwambia. "Huyu mzee anakufa."

Masalu akarusha dadu. Tano. Nikatangaza kwamba mamba ameachia, na mkeka mzima ukapiga makofi.

Mgeni akajitambulisha: Fredrick, mtaalamu kutoka Dar, wa mradi wa amani kati ya wakulima na wafugaji. Alikuwa amesikia kwamba kuna binti aliyemaliza chuo, hana kazi, ila amewatoa watu wazima kwenye bao na kuwakalisha kwenye mchezo usio na ubao. Binti huyo ni mimi. Nikamweleza kuwa ni rahisi: mimi nasimulia kinachotokea, mchezaji anasema anafanya nini, na pasipo na uhakika dadu inaamua. Namba kubwa, umefaulu. Kazi yangu ngumu ni kutomwamulia mtu.

"Safi sana," akasema Fredrick. "Uamuzi wa mwananchi. Ndicho tunachotaka."

Akatoa mchezo wake, umechapwa kwa rangi, unaitwa Chaguo Lako. Ng'ombe wa mfugaji wameingia kwenye mahindi ya mkulima, na mchezaji ana njia tatu. Akichagua ya kwanza, inaundwa kamati. Ya pili, inaundwa kamati yenye wanawake. Ya tatu, anakataa kamati, watu wanapigana, halafu majeruhi wanaunda kamati.

"Na mtu akitaka njia ya nne?" niliuliza.

"Hatatokea," alijibu kwa upole. "Tulishirikisha jamii."

Hata hivyo nilifurahi. Alihitaji msimulizi wa mwaka mzima, wa kuzunguka vijiji vya mkoa. Ijumaa ningeendesha mchezo huo ukumbini Shanwe mbele ya wafadhili, kisha ningesaini mkataba hapo hapo. Ingekuwa kazi yangu ya kwanza. Na niliamini, bado naamini, kwamba mtu aliyezoea kuchagua kwenye mchezo hanyamazi kirahisi kwenye mkutano wa kijiji.

Masalu, ambaye ni mfugaji, alikubali kuja mara moja. Mama Vénérande analima mahindi, na ng'ombe wa Masalu anawajua mmoja mmoja kwa hasara zao. Yeye aliweka sharti.

"Mwanangu, mimi maoni naulizwa tangu sijaolewa. Naulizwa, kumbe jibu limeshaandikwa, nasaini mahudhurio, narudi nyumbani. Nitakuja. Lakini nikisema kitu kwenye mchezo wako, usinibadilishie."

"Sikubadilishii, mama. Dadu ikikubali, imetokea."

Ijumaa, wafadhili walikaa mstari wa mbele na mkalimani wao. Niliwabadilishia wachezaji wangu nafasi: Masalu awe mkulima, Mama Vénérande awe mfugaji.

"Mahindi yangu!" Masalu akapiga kelele. "Nyie wafugaji hamna adabu!"

"Ng'ombe hajui mpaka, mzee," Mama Vénérande akamjibu kwa sauti ile ile ambayo Masalu humjibu yeye kila msimu. "Alikuwa anapita tu."

Ukumbi ukacheka. Masalu akakodoa macho kama mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe kwenye redio.

Nikasoma njia tatu. Mama Vénérande alizisikiliza zote, kama anavyosikiliza matangazo kanisani.

"Ng'ombe wana njaa sasa hivi," akasema. "Hiyo kamati itakaa lini?"

"Baada ya semina," Fredrick akajibu kutoka pembeni.

"Basi nawapeleka ofisini kwa mradi. Pale kuna majani ya kijani, yanamwagiliwa hata kiangazi."

"Ngoja nikusaidie kuswaga!" Masalu akadakia. "Bora wale huko kuliko kwangu."

Mkalimani akatafsiri. Mfadhili mmoja akaacha kuandika. Fredrick akaniinamia sikioni, jalada lenye mkataba wangu mkononi, kalamu imebanwa juu yake.

"Sema geti limefungwa," alininong'oneza. "Basi, yaishe."

Msimulizi ana haki ya kufunga geti. Kama ningelifikiria kabla Mama Vénérande hajasema, lingekuwa geti tu. Kulifunga sasa kungekuwa kumfungia yeye.

"Mama, hapo pana geti na mlinzi," nikasema. "Rusha dadu."

Akarusha. Sita. Hakufurahi. Aliitazama ile dadu, akamtazama Fredrick aliyekuwa bado ameniinamia, kisha akaanza kukusanya kitenge chake, kama mtu anayejua mkutano utaishia wapi.

"Mlinzi amekwenda kununua vocha," nikasema. "Geti liko wazi."

Nyuma yangu jalada lilifungwa, likaingia kwenye begi, na zipu ikavutwa mpaka mwisho.

Mama Vénérande akaketi tena, taratibu. "Wanapita wote?"

"Wote, mama. Wa kwanza ameshaanza na maua."