Muhuri wa Katikati ya Maji

Mzee Olweny hakuwa na pasipoti, hakuwa na simu ya kuonyesha sura, hakuwa na mke tangu mama wa binti yake Aciro afariki, wala hakuwahi kuiona bahari. Shaka ndiyo aliyokuwa nayo, tena ya kuwagawia majirani wote wa Kawempe ikabaki. Uhamiaji walimstaafisha kutoka kituo cha mpakani, lakini jicho lake hawakulistaafisha.

Jioni hiyo barua ilikuwa mezani, imeandikwa ila haijafungwa. Katika ukoo wake, watu wa posa hawakanyagi ua mpaka baba wa binti awapelekee barua ya kuwakaribisha. Marie-Louise, Mkongo muuza vitenge wa soko la Owino, alikuwa akiisubiri nyumbani kwake Mengo kwa niaba ya mwanawe Tresor, mchumba wa Aciro.

"Baba, watafikiri umewakataa," alisema Aciro.

"Wafikiri. Huyo kijana anasema yuko Hispania. Nani amemwona huko?"

"Mimi, kila siku kwenye simu."

"Umeona ukuta mweupe. Kuta nyeupe ziko hata hapa Kawempe."

Kilichomkwama mzee kooni ni safari yenyewe. Tresor alisema atavuka kwa feri mpaka Morocco, apande ndege huko, maana nauli ni nafuu.

"Vijana wetu wanazama wakielekea Ulaya," alisema mzee. "Yeye anarudi huku na tiketi, amekaa kwenye kiti?"

"Ana kibali cha kazi, Baba. Kwa nini azame?"

"Na muhuri je?"

Tresor alikuwa amesema kwamba pasipoti hugongwa ndani ya meli, maji yakiwa pande zote. Mzee alipoisikia habari hiyo alicheka kwa pua. Feri aliyoijua ni ile ya Mto Nile kule Laropi, watu wamesimama na mbuzi wao. Muhuri yeye aliugonga maisha yake yote akiwa chini ya bati, miguu juu ya udongo wa Uganda. Maji hayana mwenyewe. Nani atakugongea muhuri juu yake? Basi kijana hakuwahi kufika Ulaya. Amekwama pwani ya Morocco, anatafuta mke kwa hadithi.

Simu ya Aciro ikalia. Uso wa Tresor ukatokea, upepo ukivuma nyuma yake.

"Papa, jambo. Niko mu meli. Aciro amesema unataka kuona."

"Wewe nimekuona. Geuza simu."

Likaonekana dirisha, na maji yenye povu.

"Maji yako hata Entebbe," mzee alinong'ona.

Picha ikayumba, ikaonyesha foleni ndefu ya abiria wenye pasipoti mikononi, na mbele yao ofisa nyuma ya kimeza. Mzee akasogeza kiti. Yule ofisa alilamba kidole gumba, akaifungua pasipoti kuanzia nyuma, akaiinamisha kwenye mwanga, kisha akamtazama mwenye nayo kama mtu aliyemwibia kuku. Akagonga muhuri bila kuutazama. Mara akaiona simu ya Tresor, akafoka kwa Kiarabu, na kiganja chake kikaziba kila kitu. Simu ikakatika.

Mzee akaegemea kiti.

"Yule ni askari wa mpaka," alisema.

"Umejuaje?"

"Bahari mtu anaweza kuipiga picha. Meli anaweza kuiazima. Lakini ule ubaya wa uso huupati mpaka uzeekee kazini. Na kule kuanzia nyuma, kwenye kurasa ambazo watu huficha mambo. Nani angemfundisha?"

Aciro akamsogezea bahasha haraka, kabla shaka haijarudi. Haikuwa mbali. Mzee alichukua kalamu, akaongeza mstari chini ya sahihi yake: *Kijana aje na pasipoti, niishike kwa mkono wangu.*

"Baba, jamani. Hiyo ni karibu gani?"

"Karibu ya mpakani."

Akalamba gundi ya bahasha, akaigonga kwa ngumi mpaka kikombe kikaruka, akatoka nje mwenyewe kumkabidhi mtu wa bodaboda. Alimsomea jina la Marie-Louise mara mbili, akatazama namba ya pikipiki ile mpaka ikapotea njia ya Mengo.