Umerudi Ukoje, Zinduna?

Sekela anaweka kichwa juu ya mikono yake pale mezani, kati ya dadu na vikombe, akisema hasinzii, anapumzisha macho tu mpaka chai iive. Ni Jumapili mchana, mvua ya Mbeya inapiga bati, na wenzake wanamwacha kwa kuwa wanajua ametoka zamu ya asubuhi, huko kwenye kituo cha simu anakoshinda akibembeleza wateja wenye hasira. Ukweli ni kwamba anaficha uso. Ambokile, msimulizi wao, yule anayebuni miji na maadui ambao wenzake wanapambana nao kwa maneno na kwa kurusha dadu, amemuuliza swali dogo, naye analikwepa. Mhusika wa Sekela katika mchezo anaitwa Zinduna, na Zinduna ni mgeukaji: leo bundi, kesho mjane, keshokutwa askari wa lango. Mchana huu mchawi amemrushia uchawi wa kugeuza na kumfanya mbuzi. Mtu wa kawaida angebaki mbuzi mpaka uchawi uchoke wenyewe, lakini sheria yao inasema mgeukaji wa kuzaliwa hashikiki. Anaukung'uta uchawi papo hapo na kurudi katika umbo lake la asili. Sekela kapiga meza kwa furaha, naukung'uta! Na Ambokile kajibu, sawa dada, umeukung'uta, umerudi. Umerudi ukoje? Miaka miwili wanacheza, Zinduna amevaa sura za watu wote, ila ya kwake, Sekela hajawahi kuitaja, kwa sababu hajawahi kuifikiria. Basi fikiri, amesema Ambokile akielekea jikoni. Chai ikiiva hujanijibu, Zinduna wako anabaki mbuzi moja kwa moja. Ni mchezo tu, Sekela anajua ni mchezo, na bado moyo unamwenda mbio kama aliyeitwa na polisi. Mvua inasikika, inasikika kwa mbali, haisikiki tena, na chini ya kwato zake kuna barabara.

Kwato, ndiyo, nne, na anazitazama kwa mashaka zinavyopishana zenyewe bila kumuuliza. Barabara ni nyeupe na haina kona. Anatembea, anatembea, na inaonekana njia haichoki, kwa sababu Ambokile akikosa la kusimulia husema hivyohivyo, mnatembea, mnatembea, na sasa Sekela ndiye anayelipia uvivu ule kwa magoti. Kisha mji: soko, kisima, mnara, na kuta zinazong'aa hata unajiona. Anaupita. Kisha mji mwingine: soko, kisima, mnara, kuta zinazong'aa. Anaupita huo pia akiharakisha, na kabla vumbi halijatulia unatokea tena, soko lilelile, nyanya zilezile zimepangwa mafungu. Hapo anasimama, maana ameelewa kuwa hakuna mji wa mbele. Ukutani mbuzi mwenye ndevu anamtazama kwa macho ya mtu aliyechelewa. Naukung'uta, anasema Sekela, na anajikung'uta kweli kama mbuzi aliyenyeshewa. Sheria inafanya kazi, hilo lazima akiri. Manyoya yanaanguka, kwato zinapasuka vidole, mgongo unanyooka, gauni linashuka mpaka miguuni, mikono ipo, shingo ipo. Juu ya shingo hakuna kitu. Pana nyama laini iliyosawazishwa kama ugali uliopigwa mwiko, bila macho, bila pua, bila mdomo, na bado anaona, na anachokiona kinamtisha hata anataka umbuzi wake urudi.

Asipaniki, anajiambia, aseme tu. Pua, anaanza, pua kama ya mama. Palepale uso mzima wa mama yake unajaa ukutani, pamoja na zile kunyanzi za kumngoja mtu mlangoni, na Sekela anauvua kwa heshima, maana una mwenyewe. Anasema macho makali, na anapata macho ya bosi wake wa kituo cha simu. Anasema midomo ya kutabasamu, na linamjia tabasamu la jirani anayeuza vitenge, yule anayetabasamu akikudai na akikusahau. Kila anachokitaja kina mtu wake. Amekuwa fundi wa watu wengine maisha yake yote, kazini, kanisani, mezani, kila mmoja akipewa Sekela wa kumfaa, na watu wakamsifu, Sekela unajua kuishi na watu. Sasa anapekua na kupekua kama mtu anayetafuta funguo mfukoni huku mvua inamnyeshea, na mfuko hauna kitu. Anaogopa. Anaogopa hasa.

Sokoni yuko mama muuza nyanya, amejitanda kanga, na chini ya kanga hakuna uso. Wote sokoni hawana. Shikamoo mama, anasema Sekela. Marahaba mwanangu, inajibu sauti kutoka mahali ambapo mdomo ungekuwa. Mama, mbona mko hivi? Hatujaelezwa, anasema. Wote wapitao huambiwa kuna mwanamke anauza nyanya, basi, wanapita. Nyanya zangu nyekundu, wamezisema. Mimi bado. Wengine hapa walikuja na kwato kama wewe, wakaulizwa wakoje, wakachelewa kujibu. Yule wa mkaa pale alikuwa mgeukaji hodari. Sekela anamtazama yule wa mkaa, naye anampungia mkono kwa uchangamfu, na uchangamfu ule ndio unaomtisha Sekela zaidi. Nionyeshe njia ya kutoka mama, nakusihi. Kitendawili, anasema mama wa nyanya. Tega. Nyumba yangu ina mgeni kila chumba, mwenye nyumba kalala nje. Sekela anawaza hoteli, anawaza msikiti, anawaza sikio, sijui anawaza nini. Sijui mama. Nipe mji. Ah, hilo analijua tangu utoto, ukishindwa kitendawili unatoa mji, ni desturi tu, haigharimu kitu. Chukua Chunya, anasema. Mama wa nyanya anatikisa kichwa kisichokuwa na uso. Chunya nimekwenda, sikuona mtu wa kunijua. Nipe mji. Chukua Iringa. Iringa nimekwenda, nikalala stendi. Nipe mji, mwanangu, chai inakaribia kuiva. Na Sekela, kwa haraka, kwa woga, kwa mazoea ya kumpa kila mtu anachokitaka ili aridhike, anasema, haya basi, chukua Tukuyu.

Tukuyu nimekwenda, anasema mama wa nyanya polepole, na sauti yake imebadilika, imepata joto. Nikakuta migomba, nikakuta nyumba ya bati jekundu, mlangoni mama mmoja ananingoja, akanikumbatia, akaniita kwa jina. Nimekula, nimeshiba, nimekaa. Asante sana. Na chini ya kanga yake macho yanafumbuka, mawili, mazuri. Subiri, anasema Sekela. Subiri kwanza, hapo ni kwetu. Anageukia ukutani na kusema haraka, pua kama ya mama, pua kama ya mama, lakini safari hii hakuna kinachokuja. Anajua mama yupo, anajua ana pua, kama unavyojua kuwa watu wa mbali wana pua. Ndipo anapokielewa kile kitendawili, kwamba nyumba ile ni yeye mwenyewe, na haimsaidii kitu. Anamshika mama wa nyanya kanga. Nirudishie! Mji ukitolewa umetolewa, anajibu yule kwa upole, akiinua kapu lake, na anaondoka katika barabara nyeupe kama mtu anayejua aendako.

Hapo sauti zinashuka kutoka juu, ambako kulistahili kuwa na mbingu. Vikombe vinagongana. Amelala kweli huyu, inasema sauti ya Ambokile, tusimwamshe, Zinduna tumfanye mbuzi wa kikosi atubebee mizigo. Hapana bwana, inasema sauti ya Lugano. Lugano ndiye anayecheza shujaa wa upanga, ndiye anayekaa kiti cha pembeni yake miaka yote hii, na kwamba anampenda Sekela kila mtu anajua, ingawa wote wanajifanya hawajui. Mimi nitajibu kwa niaba yake, anasema, mimi namjua Zinduna alivyo. Mrefu kiasi. Mweusi wa kung'aa. Sekela anaona ukutani ngozi inakolea. Ana kishimo shavu la kushoto, na shavu linabonyea. Ana mwanya hapa mbele, na meno yanaachana kupisha. Hucheka kabla hujamaliza utani. Na huyo hakasiriki, hata umfanyeje. Nakasirika! anapiga kelele Sekela kwa mdomo mpya, nakasirika sana, Lugano, nimekasirika sasa hivi! Lakini hasira inalegea kama kifungo kilichobakiwa na uzi mmoja, inaning'inia, inadondoka, na anaisikia ikibingirika barabarani. Uso ni mzuri. Uso unamkaa. Angeweza kuukung'uta, sheria inamruhusu, lakini akiukung'uta atarudi kuwa nani? Imekubaliwa, inasema sauti ya Ambokile, na dadu zinaanguka.

Zinaanguka mezani, karibu na sikio lake, na Sekela anainua kichwa. Mvua inapiga bati. Karibu duniani, Zinduna, anasema Lugano akimsogezea kikombe, nimekuokoa, umerudi binadamu, tena mrembo. Sekela anacheka kabla Lugano hajamaliza. Anamtazama Ambokile, macho mawili, pua moja, mdomo unaotafuna chapati, kila kitu kipo, basi hapa ndipo duniani. Au na hapa pameelezwa tu. Ulimi wake unagusa meno ya mbele na kukuta nafasi. Lugano, anauliza, hivi mimi nina mwanya? Lugano anaangua kicheko. Wewe nawe! Si ndio ulioniua siku ya kwanza? Ambokile naye anaitikia, tangu tukujue, dada. Wanasema kweli, nyuso zao hazina utani, na Sekela anajaribu kukumbuka asubuhi ya leo akipiga mswaki, na asubuhi haionekani. Simu yake imezima chaji. Anaomba ya Ambokile, anatoka barazani ambako mvua inarusha matone, na anabonyeza namba pekee anayoijua kwa kichwa, ya mama yake. Inaita kwa muda. Haloo, inasema sauti ya mwanamke, na nyuma yake kuku wanalia. Shikamoo mama. Marahaba, hujambo? Sijambo. Mama, nina swali la kijinga, usinicheke. Hivi mimi nina mwanya? Mwanamke anauliza taratibu, kwa adabu wanayowekewa wageni, samahani, nani mwenzangu? Ni mimi, mama, anasema Sekela, ni mimi, na anatamani sauti yake itetemeke, ipande, imkasirikie, lakini inatoka laini na tulivu kama ya mtu asiyekasirika hata umfanyeje. Pole mwanangu, anasema yule mama, umekosea namba.