Nukta Mbili za Papa

Tangu asubuhi sikukaa. Kiti nilipewa, chai nilipewa, vyote viwili nikaviacha mlangoni pa karakana huku nikiizunguka mashine ya kuchonga mawe kama mtu aliyepoteza funguo. Jiwe la kaburi la baba lilikuwa limelazwa pale, na kaka alikuwa njiani kumleta mama alione kabla halijapakiwa.

Mama aliomba kitu kimoja tu: jiwe liandikwe jina alilomwita mumewe miaka yote, Papa, kama yule samaki. Alimbandika jina hilo wakiwa wachumba, kwa ajili ya meno, maana baba akicheka yalitoka yote nje. Sisi tulimwita Baba, kama watoto wengine. Papa lilikuwa la mama peke yake. Na alilitaka kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu hizo ndizo anazosoma. Hizi nyingine kwake ni michoro tu.

Kazi yangu ni kutengeneza herufi za kompyuta, kwa hiyo nikaliandika mwenyewe nyumbani. Likakaa vizuri, kila p na nukta zake tatu chini, nikalituma karakana. Jambo moja sikulifikiria. Kompyuta ya karakana ni ya zamani, inazijua herufi za Waarabu tu, na Waarabu hawana p. Mahali pa kila p pakatokea kisanduku kitupu. Fundi, mtu mwema asiyependa kusumbua wateja kwa simu, akafikiri kidogo, akaweka b, ile ya nukta moja, na kuwasha mashine.

"Visanduku viwili, kaburi la baba yako," akaniambia. "Nikajaza. Kwani hakuwa baba yako?"

"Baba yangu, ndiyo. Baba wa mama, siyo."

"Mama atamjua tu. Kaburi hilo lina watu wangapi?"

Nilitamani kummwagia ile chai. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia kompyuta na wote walioona herufi yetu si ya lazima, na zaidi nikajikasirikia mwenyewe. Simu ikalia. Ni kaka.

"Tuko kona ya kituo cha mafuta. Mama anauliza, limependeza?"

"Limependeza," nikasema. "Endesha polepole."

Nikamwomba fundi drili ya mkono. B ukiiongezea nukta mbili chini ya ile yake inakuwa p, na jiwe haliulizi kama herufi hiyo linaijua. Nikapiga magoti. Fundi akanishikia taa huku akinung'unika kwamba likipasuka yeye hayumo. Nukta ya kwanza ikakaa. Ya pili ikatoka kubwa kidogo. Vumbi likanijaa puani, nikapiga chafya, nikahamia kwenye b ya pili. Nje, mlango wa gari ukafungwa.

Mama akaingia, mkono begani kwa kaka. Hakunisalimu. Akainama, akapitisha kidole juu ya maandishi kuanzia kulia, akisoma taratibu kama alivyotufundisha sisi.

"Paba," akasema.

Kaka akanitazama mimi, mimi nikamtazama fundi, fundi akatazama dari.

"Mama, sijamaliza. Nipe dakika chache tu, imebaki hii moja."

Akarudisha kidole kwenye zile nukta, akazigusa zote, halafu akaigusa ile iliyokuwa peke yake. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua nimemliza. Kumbe anacheka. Tangu tuzike hatukuwa tumemsikia akicheka, na sasa alicheka mpaka kaka akamvutia kile kiti changu.

"Pa yangu," akasema, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Ba yenu. Liacheni hivyo hivyo. Hata alipokuwa hai tulikuwa tunagawana."

Nikazima drili.