Kaya ya Ng'ambo ya Korongo

Usiku wa jana niliota, na ninaandika haya kabla sijanawa miguu, kwa sababu nikishanawa nitaanza kuyatilia shaka.

Kutilia shaka ndiyo kazi yangu. Naitwa Kapinga, mkaguzi wa utafiti. Wadadisi hupita nyumba kwa nyumba na madodoso, wakiuliza watu wamevuna debe ngapi, watoto wamefika darasa la ngapi na nani ameharisha katika wiki mbili zilizopita. Mimi napita nyuma yao siku mbili baadaye. Nachagua kaya chache, nauliza maswali yaleyale, naangalia kama majibu yanafanana. Nimeifanya kazi hii miaka tisa, na sasa mtu akinisalimia najiuliza anataka nini.

Tuko Kinampako, Singida, wiki ya tatu. Wakubwa wa utafiti wanataka kujua kama mama aliyepewa mbegu bora, dawa za minyoo na vitabu vya watoto ataishi vizuri kuliko mama asiyepewa kitu. Kwa hiyo vijiji vilichaguliwa kwa kura ya bahati nasibu. Vingine vilipata vyote. Kinampako ilipata maswali.

Jana mchana nilimkamata Dafrosa. Dafrosa ni mdadisi wetu, mpole, anayependa kuvua viatu mlangoni hata akiambiwa asivue, na mimi watu wa namna hiyo siwaamini. Dodoso lake la kaya namba 417 lilikuwa safi mno. Mama mmoja, watoto sita, majibu yote yamejaa, hakuna hata "sijui" moja. Jina la huyo mama, Mama Kitiku, halimo kwenye orodha ya mtendaji wa kijiji. Nikaenda mwenyewe mpaka kwenye korongo, nikasimama ukingoni, nikatazama ng'ambo. Niliona vichaka. Nikarudi gesti nikaandika ripoti: *Nilifika eneo la nyumba. Nyumba haipo. Kaya imebuniwa na mdadisi.* Ripoti ilikuwa iondoke leo saa mbili asubuhi, na Dafrosa aondoke siku hiyohiyo, asiitwe tena kwenye utafiti wowote.

"Kaka Kapinga, ile nyumba ipo," aliniambia jioni, macho mekundu. "Ulivuka?"

"Nimeona ya kutosha," nikamjibu. Kisha nikaenda kulala, na nikalala vizuri.

Katika ndoto ni saa nane mchana. Nimekaa kitandani humuhumu gesti, na mlango unabishwa.

"Hodi."

"Nani?"

"Dodoso."

Nafungua kidogo, upana wa jicho moja. Ni kweli ni dodoso, kurasa arobaini na nane, limebanwa pini kona moja tu, kwa hiyo linachechemea. Jalada lake lina vumbi la njiani.

"Umetumwa na nani?"

"Na ukurasa wangu wa kwanza," linasema, na kuusoma kwa sauti. "Kushiriki ni hiari. Unaweza kusitisha wakati wowote."

Maneno hayo nayajua, nimewasomea watu wengi kuliko ninavyokumbuka. "Basi nasitisha," nasema.

Vinasitishwa vyote. Feni inasimama. Mbwa wa nje anabaki kinywa wazi, hajamaliza kubweka. Damu yangu nayo inasimama shingoni, naisikia ikisubiri maelekezo. Dodoso linanitazama bila haraka.

"Naendelea," nasema kwa taabu, na mbwa anamalizia.

"Swali la kwanza. Wanaokula chungu kimoja nawe ni wangapi?"

Kwetu kaya maana yake ni hiyo, watu wanaokula chungu kimoja. Mimi mwenyewe ndiye ninayewafundisha wadadisi. "Niko peke yangu," nasema.

"Tuangalie."

Linavuta chungu kutoka uvunguni. Sijawahi kuwa na chungu uvunguni. Nainama nichungulie kuna nini, na kabla sijaona kitu tumo ndani yake.

Humo ndani ni peupe kiasi, papana kama darasa, kuta nyeusi zinanukia uji ulioshika chini. Mama mmoja amekaa katikati, amempakata mtoto mchanga, na watoto watano wamemzunguka.

"Karibu, baba," anasema. "Mimi ndiye Mama Kitiku. Utatusamehe kukupokelea humu. Tumeambiwa nyumba yetu haipo, tumebaki na chungu."

"Nani kawaambia?"

"Imeandikwa."

Nawatazama vizuri, kwa sababu watu wengi wana hila. Hawana miguu. Si kwamba wameikunja. Miguu imeishia kwenye vifundo, kama mchoro uliofutwa na ufutio.

"Imeanza jana jioni," anasema Mama Kitiku. "Inapanda taratibu. Wanasema karatasi ikiondoka saa mbili, na sisi tumemaliza." Anasema hivyo kama mtu anayeeleza ratiba ya kliniki.

"Mtoto apimwe," linasema dodoso.

Juu yetu inaning'inia mizani, ile ya kliniki yenye uso wa saa na kaptura ya turubai. Mama anamwingiza mtoto kwenye kaptura. Mtoto anaangua kilio mpaka chungu kinavuma.

"Sifuri," inasema mizani.

"Haiwezekani," nasema. "Husikii anavyolia?"

"Mimi napima uzito. Kilio hakina mahali pa kuandikwa."

Naigonga kwa kidole, maana mizani huwa zinakwama.

"Usinigonge. Mimi nilihakikiwa mwezi wa tatu. Wewe ulihakikiwa lini?"

Namtoa mtoto kwenye kaptura. Ni mzito, ana joto, na ananikojolea shati. Nimekuwa mkaguzi miaka tisa na sijawahi kumbeba mtoto wa kaya yoyote. Moyo uliniuma, nasema hivyo wazi. Namrudishia mama yake huku nikijiuliza ni nani amenitegea mtego huu.

"Kama jibu ni sifuri," linasoma dodoso, "ruka hadi swali la thelathini na moja."

"Sawa, lisome."

"Sikusema lisome. Nimesema ruka."

Naruka. Natua kwenye shamba la alizeti lililogawanywa katikati kwa kamba ya katani. Upande wa kulia wa kamba mvua inanyesha. Upande wa kushoto ni vumbi. Alizeti za upande wa vumbi zimeliacha jua na kunigeukia mimi, zote kwa pamoja, na nakiri kwamba sikupenda.

"Wewe ndiye mkaguzi?" inauliza iliyo karibu.

"Ndiyo. Kwa nini upande huu hakuna mvua?"

"Kura. Wale walipata mbegu, dawa, vitabu na mvua. Sisi tulikupata wewe."

"Kura ilikuwa ya haki," nasema. "Nilikuwepo."

"Hatujakataa. Msimu wa tatu huu mnatuuliza tumezaa debe ngapi. Hamjauliza kama tuna kiu."

"Swali hilo halimo."

Dodoso linakohoa, linatazama pembeni. "Lilikuwemo," linasema. "Liliondolewa ili kurasa zipungue."

Katikati ya mashina anatokea binti wa miaka kama tisa. Namtambua, ni mmoja wa wale wa kwenye chungu. Ndiye Kitiku mwenyewe, darasa la tatu. Anatembea juu ya ardhi bila kuigusa, kwa sababu sasa hata magoti hana.

"Jaribio la kusoma," linasema dodoso. "Mpe mtoto kifungu."

Natoa karatasi mfukoni. Nilidhani ni ile hadithi ya mbuzi tunayowapa watoto. Ni ripoti yangu.

Kitiku anasoma, kidole kikifuata maneno. "Kaya namba mia nne kumi na saba. Mdadisi, Dafrosa. Mkaguzi, Kapinga." Anasoma vizuri, hasiti, hata kwenye nukta anapumzika. Kisha anakoma. "Hapa hapana kitu."

"Pana sentensi. Isome."

"Hapana kitu, baba."

Namnyang'anya karatasi. Sentensi ile, *Nilifika eneo la nyumba*, haipo. Pamebaki peupe, na pembeni nukta yake, peke yake.

"Niliandika kwa mkono wangu," nasema.

"Mwalimu alituambia tusome kilichopo tu," anasema Kitiku.

Dodoso linajiandika lenyewe. "Mtoto anajua kusoma," linasema polepole, likiandika. "Mkaguzi hajui kuandika. Swali la arobaini na saba. Ulivuka korongo?"

Nataka kusema jua lilikuwa kali. Nataka kusema nilikuwa na kaya nyingine nne. Alizeti zote zinasogeza vichwa.

"Nilikuwa nimevaa viatu vipya," nasema.

"Rangi?"

"Kahawia."

"Vya kamba au vya kuchomeka?"

"Vya kamba."

Linaandika yote. "Hiyo ndiyo sababu yenyewe? Au kuna nyingine?"

"Ndiyo hiyo."

Nikaona aibu. Miaka tisa nimewafukuzisha watu kwa kosa hilohilo, la kujaza kitu wasichokiona, na nilikuwa nikiwaona kama wezi.

Shamba limekwisha. Nimesimama ukingoni mwa korongo, palepale niliposimama jana.

"Kina changu ni cha magotini tu," linasema korongo. "Ungeniuliza ningekwambia."

Navua viatu, naviacha ukingoni. Nambeba Kitiku mgongoni, kwa sababu kwa hali yake hawezi kuvuka, na naingia kwenye tope. Ni jekundu, linavuta. Hatua kumi na saba, nilihesabu. Nyuma ya vichaka pana nyumba ya vyumba viwili, matofali ya kuchoma, bati kuukuu. Juu ya mlango imeandikwa kwa chaki: 417. Naijua ile saba. Ni Dafrosa peke yake anayeikata katikati.

Mama Kitiku na wanawe wako uani. Sasa wamefifia mpaka kiunoni. Mtoto mchanga amebaki kichwa na kilio.

"Nimeiona," naliambia dodoso. "Andika kwamba ipo. Upesi."

"Wewe ni mhojiwa. Mhojiwa hajithibitishi," linasema. "Swali la mwisho. Ni nani anaweza kuthibitisha kwamba wewe upo?"

Natazama chini. Sina miguu. Tope limeishia hewani.

Nafikiri majina. Wadadisi niliowaandikia ripoti siwezi kuwataja, na wale nisiowaandikia sikuwahi kuwauliza hali zao. Nafikiri sana, huku magoti yakiondoka, na jina linalokuja ni moja.

"Dafrosa," nasema.

Na Dafrosa yuko pale, ng'ambo ya korongo, upande niliotoka. Ameshika ubao wangu wa kuandikia na kalamu yangu nyekundu, na amevaa viatu vyangu vilivyobaki ukingoni. Anatazama huku tuliko. Najua anachokiona. Anaona vichaka.

Nampigia kelele avuke. Sauti haitoki. Naona kalamu inainuka, inakaribia karatasi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu namwomba Mungu mtu fulani asiniamini mimi na kazi niliyomfundisha.

Dafrosa anaichomeka kalamu nyuma ya sikio. Anakaa juu ya jiwe. Anaanza kufungua kamba za viatu, kwanza cha kulia, kisha cha kushoto, wala hana haraka.

Nikalia. Ndipo nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kitu cha kwanza nilitazama viatu. Vilikuwa chini ya kiti, safi, vinang'aa kama nilivyovinunua. Nikacheka peke yangu, nikasema ni wali wa jana. Ripoti ilikuwa mezani, sentensi zote zipo. Kisha nikafunua shuka.

Katikati ya vidole vya mguu wa kushoto palikuwa na tope jekundu, bado bichi.

Sikukimbilia kuamini. Nilikagua mlango, ulikuwa umekomewa kwa ndani. Nilikagua dirisha, lina nondo. Nilitoka nikakagua uani, ni saruji tupu. Nililinusa lile tope. Halikunipa jibu lolote, lakini wala halikubanduka.

Nikachukua ripoti na lile dodoso, nikaenda pekupeku mpaka chumba namba tatu. Dafrosa alikuwa amekwisha kufunga begi, amekaa juu yake, mlango wazi. Hakunitazama usoni. Alitazama miguu yangu.

"Kumbe umevuka, kaka," akasema.

Na mimi nikaitazama, nikauficha wa kushoto nyuma ya wa kulia.

"Na yule mchanga," akauliza, "bado analia vile?"

Habari za kilio sikuwa nimemwambia mtu. Dodoso zima nililipitia jana mara tatu na halimo neno hilo. Halina mahali pa kuandikwa.

"Bado," nikasema.

Nikachana ripoti, nikakaa kizingitini. Kisha nikafungua dodoso lake ukurasa wa mwisho, nikampa na kalamu. Pale chini, baada ya swali la arobaini na nane, pana ukanda mweupe wa upana wa vidole vitatu ambao hatujawahi kuutumia.

"Andika hapo," nikamwambia. "Andika kwamba analia. Ukimaliza unionyeshe njia, nikaisikie sauti yake nikiwa macho."